Mkalimani na Tasnifu Iliyorudishwa

Baba yangu mdogo alisema, mbele ya watu waliokuja harusini, kwamba mimi nikipata diploma yeye ataogelea kutoka Malindi mpaka Lamu na nguo zake mwilini. Mwalimu wangu wa darasa la saba, aliyekuwa mpole zaidi, alisema tu kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila ya karatasi. Wenzangu niliokuwa nikiosha nao masufuria katika hoteli moja ya Watamu hawakusema kitu. Walicheka, wakanisukumia sufuria lenye ukoko mwingi zaidi. Na waliposikia kwamba anayenisaidia kuandika utafiti wangu ni yule mkalimani mstaafu wa mahakama, kicheko kilizidi.

"Yule mzee?" wakasema. "Maisha yake yote hajasema neno lake. Ya mwizi kasema, ya polisi kasema, ya hakimu kasema. Lake liko wapi la kukufundisha wewe?"

Diploma ninayo. Imetiwa kioo, na wageni wangu huiona kabla hawajaonyeshwa kiti. Niliipata bila ya baba mwenye mali na bila ya mjomba ofisini. Nilisomea jikoni, nikafanya mitihani iliyoletwa kwa posta, nikakubali kwenda chuo huko bara kwenye baridi na kuonekana mshamba, kisha nikarudi kwetu kichwa kikiwa juu. Hayo ni yangu na sioni haya kuyataja. Lakini kuandika kurasa ambazo mtu anayekupinga atazisoma na kubadili nia yake, hilo sikulijua, wala chuo hakikunifundisha. Nilifundishwa na mtu mmoja. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana mwenyewe akiulizwa alikuwa akijibu kwamba hayo ni maswali ya polisi. Nitamwita Mkalimani, kama alivyoitwa na mji mzima, mkewe akiwa mmojawapo.

Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye masikio makubwa aliyoyaita vyombo vyake vya kazi. Nyumbani kwake, nyuma ya soko la Malindi, alikaa na kikoi na fulana kama mzee yeyote wa mtaa ule. Lakini ukimwambia una kitu cha kumsomea aliinuka, akaingia chumbani, akatoka amefunga tai. Tai juu ya fulana, kikoi chini, miguu mitupu. Mara ya kwanza nilidhani ananifanyia mzaha.

"Hapana," akasema. "Nikiwa shingo wazi nasikiliza kama jirani, na jirani hukubali kila kitu ili uondoke. Nikivaa tai nasikiliza kama mahakama. Haya, soma."

Kwa miaka mingi alikuwa amesimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, akichukua Kigiriama cha mshtakiwa na kukipeleka kwa Kiingereza, kisha akirudisha hukumu kwa njia ile ile. Waliokuwa wakihudhuria kesi walisimulia kwamba hakuwahi kuongeza chumvi. Mlalamishi mmoja wa kijiji cha Ganda alimfuata asubuhi mlangoni mwa mahakama, akamwomba ayatie utamu maneno yake yatakapofika kwa hakimu. Mkalimani akamwambia sukari iko dukani. Lakini pia hakupunguza. Mwanamke akieleza huku analia, yeye hakulia, ila alitafsiri polepole, akisimama pale pale alipokuwa amesimama yule mwanamke kuvuta pumzi, mpaka hakimu akaweka kalamu chini. Nimewahi kuwasikia wazee wawili sokoni wakibishana juu ya kesi ya zamani, na wote wawili walikuwa wakimnukuu Mkalimani wakidhani wanamnukuu shahidi.

Nilifika kwake nikiwa na shida. Nilikuwa nimerudi kutoka bara na tasnifu yangu ndani ya mkoba, nimevuka feri ya Kilifi nikiwa nimeupakata kama mgonjwa, kwa sababu chuo kilikuwa kimeirudisha. Msimamizi wangu aliandika juu yake kwamba nimekusanya mengi na sijathibitisha lolote. Ningeruhusiwa kuileta mara moja tu tena, chuo kitakapofunguliwa. Ikirudishwa mara ya pili, ningerudi kwenye masufuria bila ya diploma, na baba mdogo angekaa pwani akiwa mkavu.

Utafiti wenyewe ulihusu darasa la gumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, katika kijiji kimoja nyuma ya Dabaso. Darasa lilikuwa la akina mama. Afisa wa elimu ya watu wazima alikuwa amewapima kusoma, wakashindwa karibu wote, naye akapendekeza darasa lifungwe na mwalimu ahamishiwe mahali pengine. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba darasa lisifungwe. Na kwa kuwa jambo lilihusu kazi yake, chuo kilimwalika afisa yule yule awe mmoja wa watakaoisoma tasnifu yangu na kuipitisha au kuiangusha. Kwa hiyo nilitakiwa nimshawishi mtu aliyekwisha kuandika kinyume changu na kutia sahihi.

Nikamsomea Mkalimani ukurasa wa kwanza. Niliuandika kwa Kiingereza kizuri, nasema hivyo hata leo. Nilianza kwa kuishukuru serikali, kisha chama, kisha mkuu wa wilaya, chifu, naibu wa chifu, wazee wa mji na wahadhiri wangu wote kwa vyeo vyao. Kwetu hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuanza kila kitu, iwe barua ya kuomba kazi au ya kuomba ruhusa ya kuzika. Nilipofungua ukurasa wa pili nikiwa bado nashukuru, akainua mkono.

"Umemaliza kuamkia?"

"Bado kidogo, mzee."

"Mimi nimeitika marahaba mpaka koo limekauka. Una kesi, mwanangu, au una salamu?"

"Kesi iko ukurasa wa nne."

"Hakimu atainuka ukurasa wa tatu aende zake kula. Huyu afisa wako, umewahi kumwona?"

Nikasema sijawahi.

"Basi unamwandikia nani?"

Nikaukunja ukurasa wangu. Akanituma nikamtazame, si kuzungumza naye. Nilikwenda Kilifi, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake kama mtu mwenye shida ya cheti, nikamtazama. Alikuwa mtu wa bara, wa makamo, mwenye adabu, aliyeinuka kitini kumpokea mwanamke mzee aliyeingia amechoka. Meza yake ilikuwa safi. Nilirudi nimekasirika, maana nilitaka awe mtu mbaya.

"Vizuri," akasema Mkalimani. "Sasa unajua huwezi kumtukana. Mtu mwenye haki kiasi hicho ukimtukana anakushinda kwa kukaa kimya."

Alikuwa na mazoea ambayo yaliwaudhi wengi: jambo lolote ukimletea, kwanza alilisemea upande wa pili. Jirani alikuja kulalamika kwamba mbuzi wa fulani wamekula mihogo yake, akajikuta anasikiliza hoja za mbuzi. Siku moja kunguru alimwibia kipande cha samaki kwenye sahani, mbele yangu, na kabla sijamaliza kumfukuza Mkalimani alikwishaanza kumtetea: sahani ilikuwa wazi, samaki hana alama ya mwenyewe, na mshtakiwa ana watoto. Mkewe akasema, "Basi mpe na ugali." Lakini hakuwa akifanya mchezo. Aliamini kwamba mtu asiyeweza kusema hoja ya mpinzani wake vizuri kuliko mpinzani mwenyewe hajafika mahakamani, yuko njiani.

Alinifanya niifunge tasnifu na kumtetea afisa. Kwa wiki nzima sikuruhusiwa kusema neno la kulitetea darasa. Nilianza kwa uvivu: afisa anasema wanawake hawajui kusoma. "Hivyo tu?" akauliza. "Kama ningekuwa yeye ningekufukuza kazi. Aliona nini?" Ikabidi nirudi kwenye nakala niliyopewa ya taarifa ya afisa na kuisoma sawasawa, na hapo ndipo nilipoona kwamba hoja yake ilikuwa nzito. Alikuwa amewapa akina mama kifungu kifupi cha kitabu chao wakisome kwa sauti, mmoja mmoja. Sentensi mbili za mwanzo walizisoma vizuri. Halafu wakanyamaza. Akaandika kwamba wamekariri mwanzo wa kitabu bila ya kujua herufi, na kwamba tangu siku ya mtihani mahudhurio yameanguka, jambo linaloonyesha kwamba wenyewe hawana haja.

Nilimweleza Mkalimani hayo nikiwa nimevunjika moyo, kwa sababu hata mimi sasa nilimwamini afisa. Katika tasnifu yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba waume zao wanawakataza kusoma. Sikuwa nimemuuliza mume hata mmoja, ila vitabu vya chuo vilisema ndivyo ilivyo mahali pengi.

Mkalimani akalegeza tai. "Walinyamaza wapi?"

"Nimekwambia, baada ya sentensi mbili."

"Wote pale pale?"

"Karibu wote."

"Mtu asiyejua njia hupotea popote," akasema. "Hawa wamesimama mahali pamoja. Nenda kawaulize pana nini."

Nilikopa baiskeli nikaenda. Mkubwa wa darasa lile alikuwa Mama Kadzo, mwanamke mwenye wajukuu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya shamba. Nilimkuta na wenzake wakisuka makuti. Nikawaamkia, wakanipa kigoda, nikatoa kile kifungu cha mtihani, nikamuuliza alisoma mpaka wapi.

"Nilisoma mpaka pale."

"Pale wapi, mama?"

"Pale penye mtu."

"Mtu gani?"

"Huyo aliyebeba jembe."

"Anaitwa nani?"

Akamtazama mwenzake, mwenzake akainamisha kichwa na kucheka ndani ya leso. "Soma wewe," Mama Kadzo akaniambia. "Si una macho?"

Nikasoma. Sentensi ya tatu ilisema: Kazungu amebeba jembe. Nikataka kuendelea, lakini wale waliokuwa mkono wangu wa kulia walikuwa wamegeuza nyuso, na hapo nikaelewa. Wengi wa wanafunzi wale walikuwa wameolewa katika mji mmoja mkubwa, yaani boma moja la ukoo, na mwenye mji, baba mkwe wao, alikuwa Mzee Kazungu. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la baba mkwe wake. Mama yangu mwenyewe alizeeka akimwita babu yangu Mwenye Mji, na sikumbuki kumsikia akikosea. Nilikuwa nimeondoka nyumbani mdogo, nikaishi kwenye mabweni ya hoteli na ya chuo, na jambo hilo lilikuwa limekaa ndani yangu bila ya mimi kuligusa. Wale waliosalia, ambao hawakuolewa katika mji ule, walipowaona wakubwa wao wamenyamaza, nao hawakuona ni adabu kusoma mbele yao; na baada ya kuandikwa kwamba wameshindwa, wengi waliona haya kurudi darasani.

"Kwa nini hamkumwambia afisa?" nikauliza.

"Tungemwambiaje?" Mama Kadzo akasema. "Angeuliza jina gani."

Nilirudi Malindi nikiendesha baiskeli kama mtu anayefukuzwa. Mkalimani alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake haukuonyesha mshangao hata kidogo. Ndipo aliponisimulia kesi moja ya zamani, ya shahidi mwanamke aliyeulizwa ni nani aliyempiga jirani yake. Yule shahidi akasimama kimya. Hakimu akamkemea Mkalimani: atafsiri. Akasema hakuna la kutafsiri, mheshimiwa, shahidi amenyamaza. Hakimu akasema basi iandikwe kwamba amekataa kujibu. Mkalimani akaomba ruhusa, akasema, "Mheshimiwa, na huku kunyamaza nako ni Kigiriama." Shahidi akaruhusiwa kuonyesha kwa kidole.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia. "Tangu uliponiuliza walinyamaza wapi, ulijua."

"Nilidhani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ingekuwa hoja yangu. Afisa angekuuliza swali moja tu ungezama, maana mimi sitakuwapo kukutafsiria."

Nimekutana na wasomi wengi tangu wakati huo, baadhi yao wenye vyeo virefu kuliko majina yao. Sijamwona wa pili aliyeweza kukalia jibu namna ile, akanywa chai, akamwacha mtu aende mwenyewe kwa baiskeli ya kuazima.

Wazo la kuwapima upya lilikuwa langu, na hilo sitamwachia mtu. Nilikiandika kile kifungu tena, nikamwondoa Kazungu, nikamweka Otieno, jina la mpishi wetu wa Watamu. Akina mama wakaliona wakacheka. "Huyu Otieno kaja lini huku?" akauliza mmoja. Lakini walimsoma, yeye na jembe lake, mpaka mwisho wa ukurasa. Nikamletea Mkalimani matokeo nikiwa na furaha ya bwana harusi. Akafunga tai.

"Mimi ni afisa," akasema. "Nakwambia kwamba wamekikariri upya. Kifungu ni kile kile."

Nikasema nitaandika kingine wasichowahi kukiona. Nikaandika habari ya mbuzi aliyeingia darasani akala chaki. Wakakisoma, na walipofika mahali mbuzi anapofukuzwa kwa ufagio walisoma kwa sauti moja bila ya kuambiwa. Mkalimani alivua tai. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kuandika kukaanza. Hapo ndipo nilipojua kazi ya mkewe. Katika vikao vya wazee wa kwetu, mtu akisimama kusema, huwapo mmoja anayemwitikia kila anapomaliza sentensi, na msemaji huenda kwa itiko lake. Itiko likikosekana, msemaji anajua hajaaminiwa, na hurudi nyuma akaipitia njia upya. Mkalimani alimpa mkewe kazi hiyo. Mimi nilisoma Kiingereza changu, yeye akakigeuza Kiswahili, na mkewe, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, akaitikia "ehe". Sentensi isiyopata "ehe" ilikatwa, hata kama mimi niliipenda sana. Niliandika mahali fulani kwamba hali ile inadhihirisha umuhimu mkubwa wa suala zima la elimu kwa maendeleo. Mkalimani akaitafsiri kwa uaminifu wote. Nazi ikaendelea kukunwa.

"Mama, hiyo je?" nikamuuliza.

"Hiyo nini?"

"Sentensi niliyosoma."

"Kumbe ulikuwa umeanza?"

Nikaikata. Nilipomsomea maneno ya Mama Kadzo, "Tungemwambiaje? Angeuliza jina gani," akaacha kukuna, akasema "ehe" kabla mumewe hajafika mwisho. Mkalimani akaniagiza nisiweke maelezo yoyote chini ya maneno yale. Nilikuwa na aya nzima ya kufafanua. Alisema shahidi akishasema vizuri, wakili mwenye akili hukaa.

Maneno hayo ya Mama Kadzo nilikuwa nimeyaweka ukurasa wa mwisho kabisa, kama zawadi. Akayaleta karibu na mwanzo, mara tu baada ya hoja ya afisa kusemwa kwa ukamilifu. Hesabu za waliosoma na wasiosoma zikafuata nyuma. Alisema hakimu huhesabu vizuri zaidi akiwa tayari anamjua mmoja wa wanaohesabiwa. Na shukrani zangu zote kwa serikali na chifu, nilizokuwa nimezililia, akaziruhusu zirudi mwishoni, katika mistari minne. "Nyumba ni ya watu," akasema. "Ukitoka, aga."

Tulibishana juu ya jambo moja tu mpaka sauti zikapanda. Nilikuwa nimeandika kwamba afisa alikosea. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeipata kwa jasho langu, nikataka isomeke. Yeye hakutaka.

"Ni kweli au si kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa unataka akubali, au unataka ashindwe? Chagua moja. Ukitaka ashindwe, andika hivyo hivyo, mimi nitakupongeza, na darasa litafungwa. Ukitaka akubali, mwachie mlango wa kutokea, tena uwe mpana, apite na kofia yake."

Nilikasirika, nikaondoka, nikarudi kesho yake asubuhi. Niliandika kwamba afisa alipima kwa kipimo alichopewa, akaandika kwa uaminifu alichokiona, na kwamba karatasi ya mtihani haikuwa na mahali pa kuandika kwa nini mtu amenyamaza. Mkewe akaitikia. Mkalimani akasema ile sentensi angeipenda iwe yake.

Nisije nikamfanya malaika. Mtu huyu aliyeweza kumlainisha hakimu mwenye maumivu ya jino hakuwa na nguvu yoyote kwa mkewe. Kwa miaka alimwomba wahamishe kitanda upande wa dirisha, akatoa hoja za hewa, za afya, na za kidini. Kitanda kilibaki kilipokuwa. Sokoni hakuwahi kuteta bei. Alitoa alichoambiwa, wauza samaki wakamwita baba kwa mapenzi yote, na nilipomlaumu alisema amechoka kushawishi watu, ameacha kazi hiyo serikalini. Alinionya nisiseme maneno mengi, na mwenyewe akikutana njiani na mtu wa Rabai, ambako salamu ni ndefu, waliamkiana mpaka jua likageuka upande. Alipenda kusifiwa Kiingereza chake. Ukimsifu alikuuliza ni sehemu gani hasa. Na alikuwa na hasira na watu waliosema kwamba hakuwahi kusema neno lake mwenyewe. Aliyasikia hayo, mji ni mdogo. Siku moja aliniambia, bila ya mimi kuuliza, kwamba amepitisha kinywani mwake maneno ya watu elfu na hakumpotezea mtu hata mmoja, na anayedhani hiyo si kazi ya akili ajaribu kumtafsiri mlevi.

Nikavuka tena feri na mkoba wangu. Chuoni walikuwa wamekaa watu watatu, afisa akiwa kulia, tasnifu yangu mbele yake imewekwa vipande vya karatasi kati ya kurasa. Msimamizi aliuliza yake, nikajibu. Halafu afisa akafungua penye kipande cha kwanza, akasoma kimya, akauliza, "Hoja yangu umeiandika vizuri kuliko mimi. Ulikuwa ukikubaliana nami?"

"Kwa wiki nzima, bwana," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Akafungua penye kipande cha pili. "Na mtu angewezaje kulijua hili la jina?"

"Kwa kuuliza walinyamaza wapi."

"Mimi sikuuliza."

"Karatasi haikuwa na mahali pa kuliandika, bwana."

Alinitazama, na nilimwona anauona ule mlango niliomwachia. Akafunga tasnifu, akasema kwamba karatasi ya mtihani inaweza kubadilishwa, na kwamba yeye binafsi ataomba ibadilishwe. Nilipita. Darasa halikufungwa. Baba mdogo hajaogelea mpaka leo, na kila nikimwona namuuliza kama maji bado ni baridi.

Niliajiriwa katika kisomo cha watu wazima, nikapelekwa mbali, nikawa mtu wa viatu na pikipiki ya kazi. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni niliporudi Malindi kwa likizo nikaenda kumwona. Nilivaa suti. Nilikuwa nimeifunga tasnifu yangu kwa jalada gumu, jina langu kwa herufi za dhahabu, ili nimwonyeshe. Alikuwa amezeeka ghafla, amekonda, na chai yake alishikiwa kikombe. Nikamwamkia, akaitikia, akalipapasa jalada kwa vidole.

"Limependeza," akasema. "Umewarudishia?"

"Kina nani, mzee?"

"Wenyewe. Haya maneno yaliyokupitisha uliyaazima kwa watu. Walioazima kwa wenzao hurudisha. Wamesikia ulivyoyatumia?"

Nikasema yako kwa Kiingereza, wasingeyaelewa.

Mkewe akacheka. Mkalimani akaomba tai.

Tulikwenda kijijini kwa Mama Kadzo siku iliyofuata, yeye amekaa nyuma ya pikipiki yangu, amenishika kiunoni, nami nikiendesha kama niliyebeba mayai. Akina mama walikuwa darasani, baadhi wapya, wengi wale wale. Nikasimama mbele nikasoma tasnifu yangu, na Mkalimani akasimama kando yangu, mkono mmoja juu ya meza, akaigeuza Kigiriama sentensi kwa sentensi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini hapakuwa na aliyekohoa. Tulipofika kwenye jina, mimi nililisoma kama lilivyoandikwa, na yeye akalipitisha kama Mwenye Mji bila ya kupunguza mwendo. Nimehutubia mikutano mikubwa tangu siku ile na nimepigiwa makofi. Sijawahi kusikilizwa hivyo.

Tulipomaliza, Mama Kadzo akaomba kitabu. Akataka aonyeshwe alipo. Nikamwekea kidole kwenye mistari yake miwili. Akaifuata polepole, akizitaja herufi alizozijua, nazo ni zote, ingawa hazikumpa neno alilolijua.

"Haya ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako, mama."

"Kumbe nimesema Kizungu," akasema, na darasa zima likacheka, na kila mmoja akataka aonyeshwe yake. Kitabu kikaanza kutoka mkono kwa mkono, vidole vyenye utomvu wa makuti juu ya kurasa zangu safi, nami nikawaachia. Jua lilikuwa limeanza kushuka na mzee alikuwa amechoka. Sasa alikuwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili. Nikamwinamia nikamwambia twende, nimrudishe nyumbani.

"Ngoja," akasema, macho yake kwenye benchi la nyuma. "Hakijamfikia wa mwisho."